Nimeombwa barua ya mwenye nyumba ili nipewe paka. Hii ni sawa kweli?

#1 GuniaTupu (Uyole, Mbeya)
Wakuu, heshima kwenu.

Mwaka huu nimevuna gunia 38 za mahindi, nimezipanga chumba cha nyuma. Panya wameniingilia. Usiku wanatembea darini kama watu wanaohamisha makabati. Mtego umenasa wawili wajinga, waliobaki wameshajifunza, wanakula chambo na kuacha mtego umetegwa vilevile. Gundi ikanasa kifaranga cha mke wangu, ikawa kesi ya siku tatu. Sumu siitaki, nina mtoto wa miaka 3, kila anachoona chini kinaenda mdomoni.

Paka mtaani kwetu hapatikani. Zamani ulikwenda kwa jirani, ukaacha kibaba cha chumvi maana bibi alisema paka hapewi bure, ukarudi na kikapu, basi. Sasa shemeji yangu wa Iringa akaniambia kule kuna kituo kinaokota paka na mbwa waliotelekezwa, kinawatibu na kuwagawa kwa watu. Nikapiga simu nikijua nitaambiwa njoo uchukue.

Wakuu, nilihojiwa. Nyumba yako au umepanga? Nimepanga. Basi leta barua ya mwenye nyumba. Watoto wangapi? Jirani ana mbwa? Ulishawahi kufuga paka? Nilishawahi. Alikufaje? Hapo jasho lilinitoka. Tuma picha za nyumba. Utasaini fomu kwamba hutamuuza wala kumtupa, akikushinda unamrudisha kwetu. Na mchango wa elfu 30. Nilipotaja panya, dada wa kwenye simu alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, sisi hatutoi mitego."

Naomba kuuliza: nachukua paka au naposa binti wa watu?

#2 UlanziMtamu
Unaposa. Andaa na mkaja wa mama yake kabisa.

#3 TukuyuMvua
Elfu 30 ya paka? Panda gari hadi Tukuyu nikupe watano bure, na mama yao juu. Wako jikoni kwangu hapa wanalalia majivu, mmoja ameshaungua ndevu.

#4 KihesaJuu (Iringa)
Kamwene. Nadhani kituo unachosema ndicho nilichochukua wa kwangu mwaka juzi. Mkuu, ile elfu 30 usiihesabu kama bei ya paka. Wa kwangu alikuja ameshachanjwa, amepewa dawa ya minyoo, na jike alikuwa ameshafungwa kizazi. Nenda kaulize operesheni peke yake ni kiasi gani halafu urudi hapa utuambie.

Kwangu walikuja mpaka nyumbani. Wakamwona mbwa wa jirani, wakaniambia niweke wavu dirishani. Nilinung'unika wiki nzima. Niliuweka.

#5 Mla_Kande
Mnazunguka tu. Hayo mafomu ni ya wafadhili. Mzungu katoa hela, anataka kuona karatasi na picha ya paka kakaa kwenye kochi. Barua ya mwenye nyumba inaenda kwenye ripoti, imeisha hiyo.

#6 ShangaziSinde
Mla_Kande nakukatalia. Niulizeni mimi niliyeishi Mbeya hii tangu Mwanjelwa ya zamani. Watu walikuwa wanachukua wanyama bure bure kwa mambo yao. Hasa paka mweusi. Siongezi neno, wenye kuelewa wameelewa. Ndiyo maana wanataka kujua unakaa wapi na mwenye nyumba wako ni nani.

#7 Kiberiti2
Shangazi umeanza 😂 Mimi nina paka mweusi, mambo yangu ni kukosa kodi tu.

#8 KihesaJuu
Shangazi, shikamoo, lakini mimi niliwauliza wenyewe. Walisema shida yao ni watu wanaochukua kipaka kwa sababu ni kizuri, kikifika miezi sita kinabeba mimba, kinatiwa kwenye kiroba na kwenda kumwagwa sokoni usiku. Na wapangaji wanaohama, mwenye nyumba mpya hataki paka, paka anabaki dirishani analia. Barua inazuia hilo la pili. Ushirikina hawakuutaja.

#9 ShangaziSinde
Marahaba mwanangu. Hawawezi kukutajia.

#10 DaktariNgombe (Mufindi)
Mimi ni bwana mifugo, kazi yangu kubwa ni ng'ombe wa maziwa lakini paka nao wanaletwa. Niongeze machache.

Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 hadi 6. Anabeba kwa siku kama 63 hadi 65, anazaa wanne au watano, na anaweza kubeba nyingine hata kabla hajaachisha hao. TukuyuMvua, hao watano wako pamoja na mama, ukirudi kuwahesabu baada ya mwaka utaandika uzi wako. Hapo ndipo hesabu ya vituo inapoanzia. Wakitoa paka mzima bila kumfunga kizazi, mwakani wanaletewa kumi.

GuniaTupu, usichukue kipaka cha chini ya wiki 8, anakuwa bado hajajifunza kwa mama yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanzia miezi 3 na hurudiwa baada ya mwaka. Jina linawapoteza watu. Kinaitwa cha mbwa, lakini paka anakipata, mbuzi anakipata, ng'ombe nimewaona kwa macho yangu.

Na Mla_Kande, si wafadhili tu. Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Kumtesa mnyama ni kosa. Kumfungia paka kwenye stoo bila maji ni mateso, na kituo hakitaki kumtoa kwa mtu wa hivyo.

#11 Mla_Kande
Sheria ya paka! Hii nchi bwana. Na bodaboda je?

#12 Kiberiti2
Daktari, na akikuuma ndio zile sindano 21 za tumboni?

#13 DaktariNgombe
Hizo ni za enzi za babu zetu. Siku hizi unachomwa mkononi, ratiba inaanza siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na kuendelea kadiri hospitali watakavyokupangia. Ila kabla ya gari kufika hospitali, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Si kupaka pilipili, si kufunga tumbaku. Ugonjwa huu dalili zikishaanza hakuna tena cha kufanya, kwa hiyo usisubiri kuona kama paka "atakuwa sawa".

#14 MtuWaPwani (Tanga)
Watu wa bara mna maajabu. Huku kwetu paka ni mtu wa nyumbani, analala barazani, hamuulizi mtu barua. Abu Huraira mwenyewe jina lake maana yake ni baba wa kipaka. Nyie mpaka panya wamalize mahindi ndio mnakumbuka kuna mnyama anaitwa paka.

#15 UlanziMtamu
Mtu wa pwani huna mahindi, huwezi kutuelewa.

#16 GuniaTupu
Nimesoma yote, asanteni. Daktari umenifungua macho.

Jana nimemfuata mama mwenye nyumba. Nilipomwambia nataka barua ya paka alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kisha akafunga uso, akachukua daftari la mjukuu wake, akachana karatasi na kuandika: "Mimi mwenye nyumba namruhusu mpangaji wangu kukaa na paka mmoja (1) asiyezidi. Akizaa ni juu yake." Akaweka na dole gumba kwa wino wa peni, wakati kusoma na kuandika anajua vizuri sana. Nimeipiga picha nikaituma. Wamekubali. Jumamosi nakwenda Iringa.

#17 NyotaNjema
"Paka mmoja (1) asiyezidi" 😂😂 Huyo mama apewe ofisi.

#18 Mpangaji_wa_Saba (Uyole)
Nafuatilia. Picha iwekwe tafadhali, uzi bila picha ni umbea.

#19 GuniaTupu
Wakuu nimerudi. Vumilieni, hili ni gazeti.

Pale kituoni walinionyesha paka kama tisa. Mimi nilikuwa namtaka dume mkubwa la kijivu, lina shingo kama la mbuzi beberu, nikajua hapo panya wamekwisha. Likanitazama, likageuka, likalala. Kisha akaja mmoja mdogo wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na kahawia ya kutu. Akakaa juu ya kiatu changu. Dada yule akasema, "Huyo ameshakuchagua." Ncha ya sikio la kushoto imekatwa. Nikadhani wananibambika mwenye kasoro, kumbe ni alama kwamba ameshafungwa kizazi.

Nikasaini fomu. Nikamtia kwenye boksi la sabuni lenye matundu, chini nikaweka kanga ya mke wangu. Kutoka Ipogolo mpaka Mafinga kimya. Makambako watu wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, akaanza. Wakuu, sauti ile haikuwa ya mnyama wa kilo mbili na nusu. Konda akaja: "Mzee, una mtoto humo?" Nikamwambia paka. Akasema mzigo hai una nauli yake. Tukabishana mpaka Igawa, nikalipa elfu 3. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akahama, akakaa mbele kwa dereva, akiomba kimoyomoyo. Chimala akanyamaza, nikafikiri amekufa. Nikapenyeza kidole kwenye tundu, akakilamba.

Nyumbani aliingia chini ya kabati la vyombo. Leo siku ya tatu hajatoka mchana. Usiku anakula usipa (dagaa wa ziwani) niliomwekea, anakunywa maji, anarudi. Watoto wamempa jina la Usipa. Panya wanaendelea na harusi yao darini.

Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?

#20 UlanziMtamu
Umeuziwa paka kwenye boksi.

#21 DaktariNgombe
Mwache. Nyumba mpya, harufu mpya, safari ya saa nyingi. Wengine wanakaa chini ya kabati wiki mbili. Msimvute. Kaa chini kwenye chumba hicho, zungumza na simu yako, aizoee sauti. Usimfungulie mlango wa nje wiki tatu nzima, akitoka sasa atajaribu kurudi Iringa kwa miguu.

Rangi tatu lazima awe jike, umejua hilo?

#22 Mla_Kande
Daktari hapo umechemka. Babu yangu Ileje alikuwa na dume la rangi tatu.

#23 DaktariNgombe
Nilisema lazima, nirekebishe: karibu wote. Rangi ya kutu inabebwa kwenye kromosomu ya X. Dume ana X moja, kwa hiyo anapata kutu au nyeusi, si zote mbili. Mara chache sana anazaliwa dume mwenye X mbili na Y, na huyo kwa kawaida hazalishi. Kama babu yako alikuwa naye, alikuwa na bahati. Au hakumgeuza kumtazama vizuri.

#24 TukuyuMvua
Babu wa Ileje amtazame paka wapi na muda wote yuko kwenye kahawa yake.

#25 NyotaNjema
Kaka GuniaTupu, mimi jambo moja. Paka akionekana hana raha au ana homa, msimpe dawa ya watu. Wa kwangu alikuwa anachechemea, mtu mmoja anayeuza dawa akaniambia nimpe nusu kidonge cha paracetamol. Jioni fizi zimekuwa na rangi ya matope, uso umevimba. Asubuhi hakuwepo. Alikuwa ananisubiri getini kila nikitoka kazini. Sijafuga tena.

#26 DaktariNgombe
Pole sana dada. Ndivyo ilivyo, ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile, hata kipande kidogo ni sumu kwake.

Na watu wa ng'ombe nisikilizeni: ile dawa ya kuogeshea kupe, na zile za viroboto vya mbwa zenye permethrini, msimpake paka. Anatetemeka mpaka anakufa.

#27 Mpangaji_wa_Saba
Lakini Daktari, kwa bibi tulikuwa tunawasugua paka unga wa maua ya pareto, viroboto vinaanguka vyenyewe. Na permethrini si ndiyo hiyo hiyo pareto?

#28 DaktariNgombe
Ni jamaa, si ndugu wa tumbo moja. Pareto hii tunayolima, inayochakatwa hapa Mafinga, sumu yake ya asili huvunjika haraka kwenye jua. Permethrini imetengenezwa kiwandani kwa kuiga ile, ikafanywa idumu, na paka haiwezi. Hata hiyo ya bibi mimi nisingeimwaga nyingi, paka anajilamba mwili mzima.

#29 Kiberiti2
Mnaongelea paka kama mtoto wa kwanza. Apewe ugali na maziwa kama paka wote wa Tanzania.

#30 KihesaJuu
Wa kwangu nilimpa maziwa, nikaosha zulia siku mbili. Paka wazima wengi hayawakai tumboni.

#31 DaktariNgombe
Na ugali mtupu hautoshi. Paka lazima apate nyama au samaki, kuna kitu kinaitwa taurini hawezi kujitengenezea cha kutosha, akikikosa muda mrefu moyo na macho vinaharibika. Paka wa kijijini anayekula ugali anaishi kwa sababu anaongezea panya na panzi. Usipa wa Kyela unafaa, asiwe wa chumvi.

#32 MtuWaPwani
Usipa anakula usipa. Wanyakyusa mmefika mbali.

#33 GuniaTupu
Mrejesho, wiki ya tatu. Usipa ametoka chini ya kabati. Sasa analala kwenye kiti changu, nikija ananitazama kama mimi ndiye mpangaji. Lakini panya hajakamata hata mmoja. Juzi mmoja amekatiza sebuleni. Usipa aliinua kichwa, akamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Pili, mke wangu ni mjamzito, miezi minne. Jirani kamwambia paka anaharibu mimba, amtoe. Nyumbani hakuna amani.

#34 ShangaziSinde
Hilo la mimba nimelisikia tangu utoto wangu.

#35 DaktariNgombe
Lina chembe ya ukweli iliyovimba. Kuna kimelea, toksoplasma, kinaweza kutoka kwenye kinyesi cha paka na kumdhuru mtoto tumboni. Ila kinyesi kinahitaji angalau siku moja kabla hakijawa cha kuambukiza. Kwa hiyo wewe baba ndiye usafishe choo chake kila siku, mama asikiguse, bustanini avae glavu. Na wengi wanakipata kwenye nyama isiyoiva au mboga zisizooshwa. Kliniki wamweleze, wasimfukuze paka.

#36 TukuyuMvua
Paka wa nyumba haingwa. Baba shika koleo.

#37 Mla_Kande
Kuhusu kutokamata panya nilijua. Paka akishafungwa kizazi anakuwa mvivu. Wamemtoa nguvu.

#38 KihesaJuu
Si kweli. Wa kwangu amefungwa na ananiletea panya mlangoni kila Jumapili kama sadaka. Huyo Usipa labda hakufundishwa na mama yake, aliokotwa mdogo.

#39 Kiberiti2
Anashibishwa. Mpunguzieni usipa.

#40 DaktariNgombe
Kufungwa kizazi kunaweza kumnenepesha, lakini uwindaji hautoki kwenye kizazi. Na paka mwenye njaa si lazima awe mwindaji bora, ana tabia ya kuwinda hata akiwa ameshiba. KihesaJuu anaweza kuwa sahihi. Au bado anaogopa nyumba.

#41 NyotaNjema
Huko Morogoro panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Alikuwepo mmoja aliyeitwa Magawa, alizaliwa hapa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Labda Usipa anawaheshimu.

#42 GuniaTupu
Hao wa kwangu hawana nishani. Wananusa mahindi tu.

#43 GuniaTupu
Mrejesho wa mwisho wa mwezi, na mnisaidie kuelewa. Siku ya tisa leo darini kimya. Nimekagua magunia, hakuna tundu jipya wala kinyesi kipya. Usipa sijamwona na panya hata mmoja mdomoni. Mke wangu anasema ni maombi.

#44 KihesaJuu
Harufu. Panya akinusa paka anahama, hana haja ya kumwona.

#45 Mpangaji_wa_Saba
Mkuu wewe si unakaa karibu na kiwanda cha kusaga pale chini? Mimi niko nyumba ya tatu kutoka pale. Tangu wiki iliyopita darini kwangu kuna mpira wa miguu. Wamehamia kwangu!

#46 UlanziMtamu
😂😂😂 Mpangaji wa saba, andika barua kwa mwenye nyumba.

#47 DaktariNgombe
Nina wasiwasi mwingine. Inawezekana jirani ameweka sumu. Kama ndivyo, mchunge Usipa, panya aliyekula sumu anaweza kumuua paka akimla. Waulize majirani leo hii.

#48 GuniaTupu
Nimezunguka nyumba sita. Wote wanakana. Ila mmoja kaniambia kuna bundi kwenye mparachichi nyuma ya stoo, yupo kama wiki mbili.

#49 Mla_Kande
Basi kesi imeisha, bundi ndiye mla panya. Paka umemchukua bure.

#50 ShangaziSinde
Bundi! Na mjamzito yumo ndani! Mfukuzeni leo hii.

#51 DaktariNgombe
Msimfukuze. Hakuna mfanyakazi wa stoo anayekuja bila kudai mshahara kama huyo.

#52 KihesaJuu
Bundi yuko nje, panya walikuwa darini. Mimi nabaki na harufu.

#53 Mpangaji_wa_Saba
Nyie bishaneni, mimi naomba namba ya kile kituo, PM tafadhali.

#54 GuniaTupu
Nimekutumia. Jiandae kwa swali la "alikufaje".

Halafu jana mama mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi. Usipa akapanda mapajani kwake, akalala. Mama akakaa saa nzima, chai ikapoa, kodi hakuihesabu. Wakati wa kuondoka akaniuliza kama wale wa Iringa wanaweza kumpa na yeye mmoja, na kama ni lazima barua, yeye ataandikiwa na nani.

#55 UlanziMtamu
Mwandikie wewe. Paka mmoja (1) asiyezidi.